Mama Polepole: Aliomba kazi maporomokoni ili apate kumtafuta mumewe

Asubuhi imeshapambazuka lakini ukungu bado umelilalia ziwa. Langoni mwa hifadhi, mwanamke wa makamo aliyevaa shati la kijani na mabuti ya mpira anazunguka nyuma ya wageni wake, akiwakagua miguuni kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Wewe dada, hivyo viatu vya harusi vinakwenda wapi?" anamuuliza msichana aliyevaa raba nyeupe.

"Mama, hizi ni raba za mazoezi."

"Mazoezi ya kuanguka, labda. Nenda pale stoo wakuazime mabuti. Tutakusubiri, wala hatuna haraka."

Wenzake wanaangua kicheko. Msichana anakwenda stoo kwa aibu, anarudi na mabuti makubwa kuliko miguu yake. Mwongozaji anajaribu redio yake ya mawasiliano, anavuta kamba iliyozungushwa begani kuona kama fundo limeshika, kisha anatangulia.

"Polepole jamani," anasema bila kugeuka. "Maporomoko hayahami."

Neno hilo analisema mara nyingi mpaka limegeuka jina lake. Kuanzia mkuu wa hifadhi hadi wapishi wa nyumba ya wageni, wote wanamwita Mama Polepole. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu.

Njia inaanzia ufukweni, inaingia msituni na kufuata kijito kinachoshuka mlimani mpaka ziwani. Ni mizizi na mawe yenye ukoga, na hewa yake ni ya ubichi, ile inayoingia kwenye nguo na kukaa humo. Ngedere wanapiga kelele juu ya matawi. Wageni wanasimama kupiga picha, Mama Polepole naye anasimama. Hawaharakishi.

Maporomoko ni matatu. Ya kwanza ni mafupi, watu huogelea chini yake. Ya pili ni marefu, na maji yake yanaangukia kwenye shimo la duara lenye kingo za jiwe jeusi. Waongozaji wanaliita Sufuria, kwa sababu mwaka mzima linatokota bila moto. Ya tatu yako juu kabisa, na kutoka pale ziwa lote linaonekana limetandazwa chini kama shuka lililoanikwa.

Kabla ya Sufuria kuna daraja la magogo. Hapo Mama Polepole anawazuia wageni kwa mkono, anateremka hadi ukingoni na kuyatazama maji kwa muda mrefu. Anaangalia rangi. Anaangalia kama kuna majani mabichi yanayoelea.

"Juu mlimani kunaweza kuwa kunanyesha huku sisi tunaota jua," anawaeleza akirudi. "Maji yakichafuka hatuvuki. Hata awe bosi wa nani, havuki."

Leo maji ni safi. Wanavuka mmoja mmoja. Wakiwa wameshapanda hatua kadhaa ng'ambo ya pili, mwanamume mmoja anajipapasa mabegani.

"Aa! Koti langu nimeliacha pale kwenye benchi. Mama, samahani, naomba ukanichukulie."

Uso wa Mama Polepole unabadilika. Mzaha wote unamtoka.

"Kilichobaki kimebaki, baba. Tutakikuta tukirudi."

"Lakini ni la bei, mama. Na hapo ni karibu tu."

"Najua ni karibu," anajibu. "Twendeni."

Mwanamume yule anaguna, anatazamana na wenzake, kisha anafuata. Hajui kilichompata mtu wa mwisho aliyerudi kuvuka daraja lile kufuata kitu cha mgeni.

Mtu huyo alikuwa mume wa Mama Polepole.

Wenzake walimwita Mbio. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alipanda mlima ule kama mtu aliyeitwa nyumbani kula. Alikuwa miongoni mwa waongozaji wa kwanza kuajiriwa hifadhi ilipofunguliwa. Wageni walimpenda kwa vichekesho vyake, na kwa tabia yake ya kuwabebea mizigo bila kuombwa.

"Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia," anasema Mama Polepole. "Leo mgeni kaogopa konokono. Leo mgeni kalia alipoona maji yanavyoanguka. Mimi nasikiliza huku nakuna nazi, nasema haya, nimesikia. Siku hizo nilikuwa sijawahi kuyaona hayo maporomoko hata kwa dawa."

Na hakuwa akikaa mbali. Alikuwa mfuaji katika nyumba ya wageni ya hifadhi hiyo hiyo. Kila siku alifua mashuka na taulo, akayaanika kwenye kamba zinazotazama ziwa, akayapiga pasi. Siku zenye upepo wa mlimani alisikia mvumo kwa mbali. Lakini njia ilikuwa ya wenye tiketi, na mfuaji hakuwa na sababu ya kununua tiketi ya kwenda kuangalia maji.

"Mume wangu aliniambia, siku moja nitakupeleka. Nikamwambia, maji nayaona kwenye karai kutwa nzima, nikayaone tena mlimani? Tukacheka. Ndiyo hivyo, tukacheka mpaka siku zikaisha."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Anaikumbuka kwa sababu mashuka yalikauka mapema na alikuwa amepanga kutoka kazini kabla ya saa zake. Mbio alikuwa amepanda na kundi la wageni. Walifika Sufuria, wakapumzika, wakaanza kushuka. Wote walikuwa wameshavuka daraja mgeni mmoja alipogundua kwamba begi lake, lenye kamera na fedha za safari, limebaki juu kwenye jiwe walipokaa.

Kwa mujibu wa wageni wale, Mbio aliwaambia watangulie taratibu kwa njia iliyonyooka, yeye atawakuta kabla hawajafika maporomoko ya kwanza. Akageuka, akakimbia. Hawakumwona tena.

Baada ya muda mfupi walisikia ngurumo nyuma yao. Walidhani ni ndege. Kumbe ni kijito. Huko kileleni mvua ilikuwa imemwagika kwa nguvu, na maji yalishuka yote kwa mkupuo, mekundu kama chai ya rangi, yakibeba matawi na mawe. Daraja liling'olewa lote. Wageni walikimbilia juu ya kingo wakasalimika.

"Nilikuwa nakunja mashuka," anasema Mama Polepole. "Nikaona waongozaji wanapita mbio na kamba. Nikauliza, kuna nini? Hakuna aliyenijibu. Wakikupita watu watano unaowafahamu na hakuna hata mmoja anayekutazama machoni, huhitaji kuambiwa."

Aliacha mashuka, akawafuata. Alipanda pekupeku. Alipita maporomoko ya kwanza, akapita palipokuwa na daraja akiwa ameshikwa mkono na mwongozaji mwenza wa Mbio, mzee mmoja anayeitwa Kipara, mpaka akafika Sufuria.

"Ndiyo siku niliyoyaona maporomoko kwa mara ya kwanza," anasema. "Wageni wanakuja kutoka mbali kuja kuyaona. Mimi niliyaona hivyo."

Walitafuta siku nyingi. Walitafuta kwenye kijito chote, kwenye matete ya mdomo wa kijito, na wavuvi wakasaidia kutafuta ziwani. Walipata kofia ya kazi tu. Mkuu wa hifadhi alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi akiwa ameshika kofia ile kwa mikono miwili, akasema juhudi zimesitishwa.

Msiba haukuwa na maiti, na haikuchukua muda watu wakaanza kunong'ona.

Yalianza chini chini, sokoni. Kwamba begi la mgeni nalo halikuonekana. Kwamba lilikuwa na fedha nyingi. Kwamba mtu mwepesi kama yule, anayeijua njia kama kiganja chake, anachukuliwaje na maji? Si kuna njia ya nyuma ya mlima inayotokea barabarani? Wengine wakamwona ng'ambo ya ziwa, amenenepa. Wengine wakamwona na mwanamke.

"Kuna mtu alisema mbele yangu, kwenye foleni ya maji," anakumbuka. "Akasema, 'Si mlimwita Mbio wenyewe? Basi kakimbia.' Watu wakacheka. Nilijitwisha ndoo yangu ikiwa nusu, nikaondoka."

Hilo lilimuuma, lakini lililomuuma zaidi lilikuwa ndani ya nyumba yake.

Mama mzazi wa Mbio alikuwa akiishi nao. Ni bibi mfupi, mkimya, ambaye mguu wake mmoja ulipinda baada ya kuvunjika na kuungwa vibaya. Mbio alikuwa mwanawe pekee. Maneno ya sokoni yalipomfikia, hakuyakataa. Aliyakumbatia.

"Mwanangu hajafa," alianza kuwaambia majirani. "Kakimbia tu. Ujana una mambo. Atarudi."

Nyumba yao ina vyumba viwili na ukumbi mdogo. Katika nyumba hiyo waliishi wanawake wawili, mmoja akisema mtu wake amekufa, mwingine akisema mtu wake ni mwizi aliye hai. Walikula pamoja. Waliulizana kama chumvi imekolea. Lakini jambo hilo lilikuwa kati yao kama ukuta.

Siku moja ukuta ule uliporomoka. Mama Polepole alimkuta mama mkwe wake akiipiga pasi suruali ya Mbio.

"Mama, unampigia nani pasi?"

"Akirudi atavaa nini?"

"Mama, mume wangu amekufa."

"Wewe unataka mwanangu awe maiti!" bibi akamgeukia.

"Na wewe unataka mume wangu awe mwizi!"

Binti wa Mama Polepole na Mbio, ambaye wakati huo alikuwa bado shuleni, alisimama mlangoni akilia. Tangu siku hiyo, anasema, mama yake na bibi yake hawakulizungumzia tena jambo lile mpaka siku ukweli ulipowaangukia.

"Bibi hakuwa mbaya," anasema binti huyo, ambaye sasa ni fundi cherehani. "Watu wa nje hawaelewi. Kwake yeye, mwanawe mwizi alikuwa bora kuliko mwanawe maiti. Mama naye alikuwa anapigania jina la baba. Wote walikuwa wanampenda mtu yule yule, ila hawakuweza kuliliana."

Bila maiti, mambo mengi yalikwama. Cheti cha kifo hakikutoka, na mafao ya mtu aliyefia kazini hayakutoka. Mwenye begi alikuwa ameandika malalamiko, na ofisi ilibaki na kesi ya mali ya mgeni isiyojulikana ilipo. Mama Polepole aliendelea kufua mashuka.

Ila alianza kutoroka. Saa ya mapumziko ya mchana aliingia msituni kwa uchochoro, akapanda hadi Sufuria, akakaa akiyatazama maji. Askari wa hifadhi walimkamata mara ya kwanza wakamwonya. Mara ya pili wakampeleka ofisini.

"Mkuu akaniuliza, mama, unatafuta nini kule? Nikamwambia, unajua ninachotafuta. Akasema sheria hairuhusu mtu kuzurura hifadhini. Nikamuuliza, nani anaruhusiwa kupanda kila siku? Akasema waongozaji. Nikasema, basi nipe kazi ya uongozaji."

Mkuu wa hifadhi wa wakati ule alidhani huzuni imemzidi. Akamwahidi kazi nyepesi zaidi, jikoni. Akakataa. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wakati huo hakuna mwanamke aliyekuwa akiongoza wageni kwenye njia ile, na waongozaji wengine walinung'unika kwamba atawatia mkosi. Kipara ndiye aliyemsimamia.

"Niliwaambia, huyu mama ameshapanda njia hii pekupeku akiwa na kilio kooni," anasema Kipara, ambaye upara wake unang'aa na ambaye hukubali kupigwa picha akivaa kofia tu. "Nyinyi mna mabuti na bado mnahema. Mwacheni."

Akafundishwa kufunga kamba, kutumia redio, kumbeba aliyevunjika mguu. Akafundishwa majina ya miti na ndege. Kwa miaka sita akapanda na kushuka, msimu wa wageni wengi na msimu wa mvua, njia inapofungwa na waongozaji wanaolipwa kwa kila kundi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wageni waliona mwongozaji mpole asiye na haraka. Hawakujua kwamba kila walipokuwa wakipiga picha za maji yanayoanguka, yeye alikuwa anatazama chini, kwenye nyufa za mawe.

"Kila siku nilikuwa namwambia kimoyomoyo, leo jitokeze," anasema. "Nikirudi jioni nasema, haya, kesho basi."

Mwaka jana mvua zilichelewa mno. Ziwa lilirudi nyuma hadi boti za hifadhi zikakaa kwenye tope. Maporomoko ya kwanza yakawa kama bomba linalovuja. Wageni wakapungua, na wale waliokuja walilalamika kwamba picha walizoona kwenye matangazo ni za uongo. Sufuria, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtu yeyote pale, likaacha kutokota. Maji yakatulia, yakashuka, kingo za jiwe zikaonekana mpaka chini.

Asubuhi moja Kipara aliteremka kuondoa gogo lililonasa. Chini ya mwamba, mahali ambapo maji yalikuwa yamechimba pango, aliona mkanda wa rangi ya buluu umejisokota kwenye mzizi. Akauvuta. Haukuja. Akainama kuangalia.

Hakuita kwenye redio. Kila mwongozaji angesikia, na Mama Polepole angekuwa miongoni mwao. Alishuka mwenyewe, uzee wake na magoti yake, mpaka langoni, ambapo Mama Polepole alikuwa anakagua viatu vya wageni.

"Dada," akamwambia, "kaa kwanza."

"Sikukaa," anasema. "Nikamuuliza, yupo? Akasema yupo. Nikamuuliza tena, na begi? Akatikisa kichwa, akasema, nalo lipo."

Ndipo alipokaa.

Mabaki ya Mbio yalikuwa chini ya mwamba ule, na buti moja, na bizimu ya mkanda wa suruali. Begi lilikuwa naye. Mkanda wake alikuwa ameuvaa kukatisha kifua, kama anavyofanya mtu anayetaka mikono yake miwili iwe huru kwa ajili ya kushika daraja. Mzizi ulikuwa umepita katikati ya mkanda na mwili. Ndani ya begi kamera ilikuwepo, imeota kutu. Fedha zilikuwepo, zimegandamana kuwa donge. Hakuna kilichokosekana.

"Begi ndilo lililomshika kule chini," anasema Mama Polepole. Hapo sauti yake, ambayo imekuwa tulivu muda wote, inakuwa kali. "Angelivua! Angelitupa! Ningekuwa na mume, na mgeni angenunua begi jingine. Nilimlilia, ndiyo, lakini pia nilimkasirikia, na mpaka leo namkasirikia. Mtu anarudi kwenye maji kwa ajili ya begi."

Mwenye begi alitafutwa. Alijibu kwamba anasikitika sana, kwamba alishanunua kamera nyingine siku nyingi, na kwamba vitu hivyo vitupwe.

Havikutupwa mara moja. Polisi walipomaliza kazi yao, Mama Polepole alimwomba mkuu wa hifadhi amwazime begi lile kwa siku ya mazishi. Alilipeleka nyumbani likiwa bado linanuka tope, akaliweka chini kwenye kizingiti cha mlango wa mbele.

Watu walikuja. Mtaa mzima ulikuja, na soko zima, na yule wa kwenye foleni ya maji. Walikuja na kanga mabegani na vilio midomoni. Na kila aliyetaka kuingia kumpa mkono mjane ilimbidi aliruke begi lile.

"Hakuna aliyeuliza ni begi la nani," anasema. "Nilikuwa nimekaa ndani pale, naangalia miguu. Kuna walioruka upesi. Kuna walioshika mlango kwanza. Kuna mmoja alifika, akaliona, akageuka akaondoka."

Jeneza lilipotolewa, lilitolewa juu ya begi hilo hilo. Hapo, anasema, ndipo aliposhusha pumzi.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mama Polepole hakufikiria kwamba kisasi kile kingemfika. Mama mkwe wake alikaa chumbani mwake siku nzima. Majirani walidhani mguu umemzidi. Mama Polepole alipokwenda kumwita waende makaburini, alimkuta amekaa kitandani, ameshavaa, ameshajifunga mtandio.

"Mama, tunaondoka."

"Nendeni tu."

"Mama, ni mwanao."

"Nitapitaje pale mlangoni?" bibi akamuuliza. "Mimi ndiye niliyesema kakimbia. Kuliko hao wote, mimi ndiye niliyesema sana."

Mama Polepole alikuwa amesubiri siku hiyo miaka sita, na ilipofika ikawa imemwangukia bibi kizee mwenye mguu mbovu. Alikwenda mlangoni, akaliokota begi, akalisukumia uvunguni mwa meza. Akarudi kumshika mkono. Lakini bibi hakuinuka. Mbio alizikwa bila mama yake kuwepo.

Cheti cha kifo kikatoka. Kesi ya mali ya mgeni ikafungwa. Mafao yalikuja nusu nusu, baada ya safari nyingi za ofisini, na yakatosha kuezeka upya nyumba iliyokuwa ikivuja. Hakuna mtu aliyekuja kuomba radhi kwa mdomo wake. Sokoni wanamwongezea fungu la nyanya bila kuomba, anasema, na anajua maana yake. Analichukua.

Binti yake alitarajia kwamba sasa ataacha.

"Nilimwambia, mama, si ulikuwa unamtafuta baba? Umempata. Shuka sasa," anasema binti. "Akaniambia atashuka msimu ukiisha. Msimu umeisha, mwingine umeanza, bado yuko juu."

Mama Polepole mwenyewe alijaribu kubaki nyumbani wiki kadhaa baada ya mazishi. Alifua kila kitu, hadi mapazia. Aliamka asubuhi akakuta mwili wake umeshavaa mabuti.

"Zamani nilipanda kwa sababu," anasema. "Sasa napanda tu. Nikifika pale Sufuria siangalii tena mawe. Najaribu kuyatazama maji yenyewe, kama wanavyotazama wageni, nione wanachokiona. Wengine wanaona, mpaka wanalia kwa uzuri. Mimi bado. Naona maji yanaanguka, basi."

Siku hii, wageni wake wameridhika. Msichana wa mabuti makubwa amepiga picha nyingi na hajaanguka hata mara moja. Mama Polepole anawaaga langoni, anaosha mabuti yake kwenye bomba, anarudi nyumbani kwa miguu kwa njia ya ufukweni.

Nyumbani, mama mkwe wake ameketi kwenye ukumbi mdogo akichambua mchele. Siku hizi wanazungumza zaidi kuliko miaka yote iliyopita, ingawa kwa maneno machache. Bibi hajawahi kwenda makaburini. Na tangu siku ile mwanawe alipopatikana, hakuna mtu ndani ya nyumba hiyo aliyemwona akidondosha chozi.

"Anaona haya kulia," Mama Polepole anamnong'oneza mwandishi jikoni. "Kuta zetu ni nyembamba. Anaogopa majirani watasikia, waseme, huyo anamlilia mtu aliyemwita mwizi. Nimemwambia mama, lia, wacha waseme. Hataki. Kila siku anazidi kunyauka."

Kwa hiyo ana mpango. Ameshazungumza na Kipara na waongozaji wengine watatu. Njia itakapokauka vizuri, siku ambayo hakuna wageni, wataichukua ile machela ya kubebea majeruhi, wambebe bibi zamu kwa zamu mpaka Sufuria. Mkuu mpya wa hifadhi amekubali, tena bila tiketi. Kilichobaki ni mwenyewe akubali. Mpaka sasa amekuwa akikataa kila anapoambiwa.

Jioni hii Mama Polepole anajaribu tena. Anakaa sakafuni karibu naye, anavuta sinia la mchele upande wake, anaanza kumsaidia kuchambua.

"Mama, umefikiria lile jambo la kupanda?"

"Nikaangalie maji yaliyomuua?"

"Si lazima uyaangalie. Tutakaa tu."

Bibi anaendelea kuchambua. Anaokota kijiwe, anakitupa uani. Mwandishi anadhani mazungumzo yameisha.

"Kwani yana kelele sana?" bibi anauliza.

"Sana, mama. Hata mtu akipiga yowe, aliyekaa ubavuni mwake hasikii."

Bibi anaviweka vidole vyake juu ya mchele, anavituliza hapo.

"Basi nipelekeni," anasema.